SOMO JUU YA AFYA: MWANAFUNZI WA MJI ANAHESABIWA WAPI?



Mara nyingi katika kurasa hizi tunasoma juu ya mitihani, michezo na mwenendo mwema. Leo sisi tulio katika kalasi ya sita, tunaopewa kazi ya ukapita, tumeona heri kuleta somo la afya. Si somo la kusema "nawa mikono" tu, maana hilo tumelisikia tangu kalasi ya kwanza ya primeri. Tunataka tujue pamoja kazi ya afya ya serikali inapangwa namna gani katika mji wetu, na mwanafunzi anapata nafasi gani ndani yake.

Kabla ya kuandika, tulipita katika kalasi kadhaa na kuuliza: "Kituo gani cha afya kinachunga shule yetu?" Wengi walitaja lupitalo kubwa wanayoijua kwa jina. Wachache walitaja kituo kilicho karibu na nyumba yao. Jina la eneo la afya ambamo shule yetu inakaa, karibu hakuna aliyelijua. Basi, tuanze hapo.

1. KAZI YA AFYA INAPANGWA NAMNA GANI

Nchi yetu imekatwa katika zoni za afya. Ziko zaidi ya 500 katika nchi nzima. Zoni ya afya si sawa na komini, hata kama mipaka yao inakaribiana. Kisangani iko na komini 6: Makiso, Tshopo, Kabondo, Mangobo, Kisangani na Lubunga. Lakini zoni za afya za mji ni 5: Makiso-Kisangani, Tshopo, Kabondo, Mangobo na Lubunga. Komini mbili, Makiso na Kisangani, zimeunganishwa katika zoni moja.

Kila zoni iko na ofisi yake ya katikati, chini ya munganga mkubwa wa zoni. Iko tena na lupitalo moja ya kupokea wagonjwa wanaotumwa kutoka vituo vidogo. Kisha zoni inakatwa tena katika maeneo ya afya, na kila eneo liko na kituo chake. Mkubwa wa kituo ni infirmie yule watu wanamwita IT. Chini yake wako wajumbe wa afya, wale tunaita reko, wanaopita nyumba kwa nyumba. Tena iko kamati ya wakaaji wa eneo, jina lake CODESA, ambayo inakaa pamoja na IT kuzungumza juu ya shida za afya za eneo.

Mpango huu ni kama ngazi. Mgonjwa anaanza chini, kwenye kituo. Kama ugonjwa unapita nguvu za kituo, IT anaandika barua na mgonjwa anapanda lupitalo. Mtu anayeruka ngazi anapoteza mengi: analipa toleka au moto ya mbali, anangoja mstari mrefu, kisha mara nyingi anatibiwa malaria ambayo kituo cha karibu kingeweza kutibu asubuhi ile ile.

2. MPANGO HUU ULITOKA WAPI

Tusifikiri mpango huu ulianguka toka mbinguni. Sehemu ya mizizi yake iko hapa kwetu.

Yakusu, kwenye mto chini ya mji wetu, palikuwa na misioni ya Wabaptisti kutoka Uingereza. Munganga Clement Chesterman alifika pale mwaka 1920. Wakati ule ugonjwa wa usingizi ulikuwa unamaliza vijiji. Munganga mmoja katika lupitalo moja hakuweza kuponya nchi nzima. Kwa hiyo Yakusu ilifundisha vijana wa hapa kuwa mainfirmie, nao wakatumwa kushika dispensari ndogo katika vijiji. Walipima damu, walichoma sindano, waliandika majina. Mwaka 1936 alifika munganga mwingine, Stanley Browne, ambaye alifanya kazi pale hadi 1959. Yeye alishughulika sana na ukoma na ule ugonjwa wa mto unaoharibu macho, ambao tutauzungumza mbele.

Mtazame jambo hili: vijana wale walikuwa wamesoma kama sisi. Nguvu ya mpango ilikuwa kalamu na daftari pamoja na sindano. Infirmie aliyeandika vizuri aliweza kuonyesha kijiji gani kinaanza kuugua kabla vifo havijawa vingi.

Mwezi wa tisa 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati ule, wakapatana kwamba huduma ya kwanza ya afya iwe karibu na watu, na watu wenyewe washike sehemu yao. Katika miaka ya 1980 nchi yetu, iliyoitwa Zaire, ilikatwa katika zoni za afya 306. Serikali haikuwa na nguvu ya kuziendesha zote peke yake, na nyingi zilishikwa na makanisa yaliyokuwa tayari na lupitalo. Kanisa la Kristo katika Zaire lilianza mwaka 1981 mradi ulioitwa SANRU, maana yake afya ya vijijini, kwa msaada wa Marekani. Baadaye hesabu ya zoni iliongezwa mpaka ikapita 500.

Kwa hiyo shule ya Kiprotestanti ikizungumza juu ya zoni ya afya, haizungumzi juu ya jambo la wageni.

3. PENGO LA UMRI WETU

Sasa tufike kwenye shida yenyewe.

Zoni ya afya inapanga kazi yake kwa hesabu. Inachukua hesabu ya wakaaji, kisha inatafuta makundi yaliyo katika hatari kubwa. Wanawake wenye mimba wanahesabiwa karibu 4 katika kila watu 100. Watoto wadogo ambao hawajafika miaka 5 wanahesabiwa karibu 20 katika kila watu 100. Kwa makundi hayo mawili zoni iko na siku, iko na karatasi, iko na daftari. Mama mwenye mimba anapimwa. Mtoto anapozaliwa anapata chanjo ya BCG. Kwenye juma la 6, la 10 na la 14 anapata zile zingine. Kwenye miezi 9 anapata ya surua na ya homa ya manjano. Anapimwa uzito, na mama anachunga kadi.

Kazi hiyo ni nzuri, na inaokoa watu. Wadogo ndio wanaokufa kwa wingi, kwa hiyo ni haki waangaliwe mbele.

Lakini kisha? Mtoto akipita miaka 5, kadi inafungwa katika sanduku la mama. Tangu siku ile hakuna anayempima tena. Hakuna daftari la kituo linalosema: mtoto huyu wa miaka 9 anaona vizuri? Huyu wa miaka 13 iko na damu ya kutosha? Msichana huyu wa miaka 16 anapata maji na mahali pa siri katika shule yake? Kituo kitamwona tena siku atakapoletwa akiwa mgonjwa sana, ao siku msichana atakapokuwa mama. Katikati ya hapo, miaka zaidi ya 10, mwanafunzi iko kama mtu anayevuka mto usiku: wa ngambo hii hawamwoni, na wa ngambo ile hawajamwona bado.

Watu wanadhani umri wa shule ni umri wa nguvu, basi hauna shida. Si kweli yote. Uchunguzi uliofanywa katika nchi yetu umeonyesha kwamba watoto wa miaka 5 hadi 14 mara nyingi wanabeba vijidudu vya malaria katika damu kupita hata wadogo. Wengi hawalali kitandani. Wanakuja shule, wanakaa, macho iko wazi, lakini damu imepunguka na kichwa ni kizito. Mwalimu anamwita mvivu.

Ndiyo maana tunasema: kwa umri wetu, mlango ambao kazi ya afya inaweza kupitia ni mlango wa shule. Shule inajua majina yetu yote na inatuona karibu kila siku. Mlango huo ukifungwa, zoni ya afya haituoni.

4. HUDUMA ZINAZOPITA MLANGO WA SHULE

Tutaje sasa zile tunazopaswa kujua.

a) Dawa ya minyoo. Katika udongo wa joto na wenye maji kama wetu, minyoo ni mingi. Mayai ya askari yanaingia kwa kinywa, kwa mikono michafu na matunda yasiyosafishwa. Mnyoo mwingine unapenya ngozi ya mguu usio na kiatu, unafika matumboni na kunywa damu pole pole. Mwaka 2001 mataifa ya Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, yalipatana kwamba watoto wa umri wa shule katika nchi zenye minyoo wapewe dawa kwa ukawaida. Ni kidonge kimoja tu, mebendazole ya miligramu 500 ao albendazole ya miligramu 400. Siku ya kugawa hakilipishwi.

Hapa iko jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Kampanye hiyo ni ya watoto wa miaka 5 hadi 14. Wadogo zetu wa kalasi ya saba na ya nane wako ndani ya hesabu. Lakini siku ikifika wanakimbia, wanasema, "Ile ni ya watoto wa primeri." Wanaona haya kumeza kidonge mbele ya wenzao. Sisi wakubwa ndio tunaowacheka. Tuache.

b) Dawa ya onko. Hapa kwetu maji yanakimbia sana: maporomoko ya Wagenia, maporomoko ya Tshopo. Ni utajiri kwa samaki na kwa umeme. Lakini katika maji yanayokimbia hivyo ndimo inzi mweusi mdogo anaweka mayai. Akiuma mtu mgonjwa, kisha akiuma mzima, anapitisha mdudu wa onko, unaoleta kuwashwa kwa ngozi na mwisho upofu. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kwamba itatoa dawa yake ya ivermectin bure kwa ajili ya ugonjwa huu. Wagunduzi wa dawa ile, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Mgawaji anapima urefu wa mtu kwa fimbo, maana wingi wa vidonge unafuata urefu. Mtoto asiyefika sentimeta 90, mwanamke mwenye mimba na mgonjwa sana hawapewi. Dawa inaua wadogo wa mdudu, lakini mdudu mkubwa anaweza kuishi ndani ya mwili miaka zaidi ya 10. Kwa hiyo kumeza mara moja haitoshi. Inafaa kumeza kila mwaka, wakati mgawaji anapopita. Tena isinunuliwe sokoni kwa kujipimia, kwa sababu katika misitu yetu iko mdudu mwingine, loa loa, na mtu aliye naye kwa wingi anaweza kupata hatari kubwa akimeza dawa ile pasipo kuangaliwa.

c) Chanjo. Wengine wanasema chanjo ni ya watoto wachanga tu. Tukumbuke surua. Tangu 2018 mpaka 2020 nchi yetu ilipigwa na surua kubwa sana, na zaidi ya watu 7,000 walikufa, wengi wao watoto wadogo. Surua inasafiri kwa hewa. Mwanafunzi anaipata katika kalasi ya watu wengi, yeye mwenyewe anapona, lakini ameipeleka nyumbani kwa mdogo wake wa miezi 7 ambaye hajafikia chanjo bado. Kadi yako ya utotoni si karatasi ya mama tu. Uliza nyumbani iko wapi. Kama imepotea, nenda ukaulize kituo cha afya.

Tukumbuke tena mpox. Mtu wa kwanza aliyejulikana kuwa na ugonjwa huu alikuwa mtoto wa miezi 9 huko Basankusu, mwaka 1970. Zamani chanjo ya ndui ilikinga watu hata na ugonjwa huo, lakini baada ya ndui kumalizika ulimwenguni, jambo lililotangazwa mwaka 1980, chanjo ile iliachwa. Sisi tuliozaliwa baadaye hatukuipata. Tarehe 14 mwezi wa nane 2024 OMS ilitangaza mpox kuwa hatari kwa mataifa yote, na tangazo lile lilifungwa mwezi wa tisa 2025. Kufungwa kwa tangazo si kumalizika kwa ugonjwa. Mwenzetu akiwa na homa na vipele vya namna hiyo, asifukuzwe kwa matusi. Apelekwe kituoni, na sisi tusigusane na vipele wala nguo zake.

d) Maji na mikono. Mwezi wa tatu 2011 kolera ilitokea hapa Kisangani. Ilishuka na mto, pamoja na mitumbwi na mabalenyere, ikapiga miji ya kando ya mto, na kabla mwaka haujafika nusu ilikuwa imefika Kinshasa, karibu kilometa 1,700 kutoka hapa. Mto ndio barabara yetu, na ugonjwa unajua barabara hiyo hiyo.

Tunajua sote kwamba mashini ya umeme ya Tshopo ikisimama, maji ya REGIDESO nayo yanasimama. Siku hizo wanafunzi wanakunywa maji yoyote. Shule haiwezi kutengeneza turbini. Lakini inaweza kuwa na mapipa mawili yenye robine na kifuniko, na zamu ya kuyajaza. Iko programu iliyoitwa École et Village Assainis, ya serikali pamoja na UNICEF, iliyosaidia shule kupata vyoo na maji, lakini ilielekea zaidi vijiji na pembeni za miji. Shule ya katikati ya mji isingoje mgeni.

Na kila mmoja ajue hili kwa kichwa: mtu akiharisha maji mengi, mpe maji yenye chumvi na sukari wakati unatafuta namna ya kumpeleka. Litri 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visirundikwe. Usimngojee aombe. Kolera inaweza kuua mtu kwa saa chache kwa kumaliza maji ya mwili.

5. MAMBO MATATU YANAYOTUFUNGIA MLANGO

La kwanza ni feza. Tuseme kweli: kupimwa kituoni kunalipwa, na wazazi wengi hawana. Kwa hiyo mwanafunzi anakwenda ligablo, ao kwa muuzaji wa dawa wa barabarani, ananunua vidonge viwili badala ya dawa nzima. Tulikuwa na mwenzetu aliyefanya hivyo. Homa ilishuka siku moja, akashangilia. Baada ya juma ilirudi kwa nguvu, akakosa shule karibu mwezi, na wazazi walilipa lupitalo mara nyingi kupita bei ya kipimo cha kwanza. Dawa ya malaria ya siku 3 inamezwa siku 3, hata kama siku ya 2 unataka kucheza mpira. Tena tujue kwamba si yote yanalipwa. Chanjo za ukawaida hazilipwi. Vidonge vya minyoo na vya onko siku ya kugawa havilipwi. Dawa ya kifua kikuu hailipwi. Mtu akikohoa zaidi ya majuma mawili aende akapimwe.

La pili ni maneno ya uongo. Kila kampanye ikitangazwa, iko mtu anayesema: kidonge kitawafanya wasizae, chanjo ni ya kuua. Wanafunzi wanaruka kwa dirisha. Hatusemi mtu asiulize. Mwanafunzi mzuri anauliza! Lakini aulize kwa yule anayejua: IT wa eneo, mwalimu wa biolojia. Kidonge kikileta tumbo kuuma kidogo, hilo linajulikana, na mgawaji anapaswa kusema mbele. Ukikosa kuelezwa, ndipo uongo unapata kiti.

La tatu ni haya na woga. Mwanafunzi anaogopa kusema iko mgonjwa kwa sababu interogasio iko kesho, ao finalisti anaogopa kupoteza siku kabla ya mtihani wa taifa. Msichana anakosa siku kadhaa kila mwezi kwa sababu choo hakina mlango wala maji, na hawezi kusema hayo kwa mwalimu mwanamume. Anaandikwa amekosa, basi. Wazee walisema: mficha ugonjwa, kilio humfichua.

6. SAFU MOJA KATIKA DAFTARI

Sasa tufike kwenye ombi letu.

Kila kalasi iko na daftari la mwito. Kila asubuhi majina yanasomwa, na asiyekuwapo anapata alama. Mwisho wa mwezi alama zinajumlishwa kwa ajili ya nidhamu. Lakini daftari halisemi kwa nini mtu hakuja. Aliyekwenda kuvua na baba yake, aliyefukuzwa kwa deni la shule, na aliyelala na homa, wote wako na alama moja.

Muhula uliopita wanafunzi kadhaa wa kalasi moja walikosa shule katika juma moja kwa kuharisha. Kila mwalimu aliandika alama katika saa yake. Hakuna aliyejumlisha, kwa sababu hakuna palipoandikwa sababu. Tulijua baadaye, wakati wote walikuwa wamerudi na kuhadithiana. Mungu alitusaidia haikuwa kolera. Kama ingekuwa, daftari letu lingekuwa limeandika ugonjwa ule jina kwa jina bila kujua linaandika nini.

Kwa hiyo tunaomba, kwa heshima, mbele ya Bwana Prefe, walimu na kamati ya wazazi, mambo manne:

Moja: iongezwe safu moja katika daftari la mwito, ya kuandika sababu kwa herufi moja. H kwa homa, T kwa tumbo, K kwa kikohozi, V kwa vipele, N kwa mambo mengine. Makapita wa kalasi watafanya kazi hiyo. Herufi itoshe, siri za mtu zisisomwe kwa sauti. Na safu hii isitumiwe kumpa mtu azabu.

Mbili: kila siku ya tano mtu mmoja ajumlishe herufi za kalasi zote. Zikionekana T nyingi ao V nyingi katika kalasi moja, IT wa eneo letu apelekewe habari siku ile ile. Hatumfundishi kazi yake. Tunamletea macho tuliyo nayo.

Tatu: achaguliwe mwalimu mmoja mwanamume na mmoja mwanamke ambao mwanafunzi mgonjwa anaweza kuwaendea pasipo kuulizwa mbele ya kalasi. Na choo cha wasichana kipate mlango wenye komeo.

Nne: kabla ya kila kampanye, IT ao reko aalikwe kuzungumza nasi, na maswali yaruhusiwe, hata yale ya kijinga.

Hayo hayataki feza nyingi. Safu ni mstari wa rula. Mapipa tunaweza kuyajaza kwa zamu. Lakini tunajua pia mpaka wa nguvu zetu: safu haitatibu mtu, na shule si lupitalo. Zoni ya afya nayo iko na deni kwetu, nayo ni kutuhesabu. Tuna haki ya kulidai, na tutalidai vizuri zaidi tukienda na karatasi yenye hesabu mkononi kupita kwenda na manunguniko.

Sisi wa kalasi ya sita tutaondoka mwisho wa mwaka huu. Wadogo zetu mtabaki. Mkipata safu hii, mchunge isiwe mapambo. Daftari lisilojazwa ni sawa na kituo kisicho na infirmie.

MASWALI YA KUJIBU KATIKA KALASI

1. Kisangani iko na komini ngapi na zoni za afya ngapi? Kwa nini hesabu hizo hazilingani?
2. Taja jina la zoni ya afya na la eneo la afya ambamo shule yetu inakaa. Kama hujui, uulize kituoni kabla ya juma kwisha.
3. Kwa nini kidonge cha onko kinamezwa kila mwaka, na kwa nini mtu asijinunulie sokoni?
4. Kolera ya mwaka 2011 ilifuata njia gani? Njia hiyo inatufundisha nini juu ya wajibu wetu kwa watu walio chini ya mto?
5. Eleza namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari, pasipo kutazama karatasi.
6. Zungumzeni wawili wawili: mwanafunzi mwenzako anaficha ugonjwa kwa sababu ya mtihani. Utamwambia nini, na utamwambia nani mwingine?

Kapita wa shule, kalasi ya sita